Kiu Niliyosema Imeondoka

Mjini Wote, Jumanne

Mwanangu Kilonzo,

Pokea salamu zetu. U hali gani hapo Kiboko, na wajukuu wangu je? Mama yako ni mzima. Mimi moyo umechoka kabisa. Miguu imevimba hata viatu vimekataa. Mwandiko ukiyumba, usishtuke.

Mkeo Wavinya alitupitia jana. Alisema umeacha kanisa, na kwamba mchungaji alipokufuata ulimjibu kuwa Mungu alimponya baba yako pombe, dawa ikaishia hapo. Mama yako alicheka. Mimi sikuweza. Wavinya akaongeza kuwa ukilewa unalia na kusema umelaaniwa, maana umeombewa na kuombewa na hamu haitoki.

Sijatulia tangu aondoke. Naketi, nalala, naomba niketishwe tena.

Kilonzo, ushuhuda wangu ulikuwa wa uongo. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema kiu imeondoka, nawe kijana ukapiga makofi kuliko wote. Haikuondoka. Niliacha kunywa, lakini kutamani sijaacha hadi leo.

Mwanzoni nilipigana nayo kwa nyimbo. Siku moja niliimba tenzi njia nzima, nikajikuta mlangoni pa kilabu, bado naimba. Walevi wakanipokea kwa shangwe, wakiuliza mbona mwalimu wa kwaya hakuileta yote. Nikarudi nyumbani kwa aibu, nikaketi, nikachoka kupigana.

Tangu hapo ikija nakaa kitini, mikono magotini. Siifukuzi, siifuati. Huanza ulimini, ikashuka kooni, viganja vikalowa. Huniambia nionje tu. Naisikiliza. Hukua hadi nadhani nitapasuka, kisha huchoka kabla yangu. Kesho hurudi.

Hata sasa ipo. Jirani yetu Munyao amepika pombe ya kaluvu, na harufu ya asali iliyochacha imejaa chumbani. Mate yananijaa, mzee mzima. Mama yako ameuliza kama afunge dirisha. Nimemwambia aache.

Hukulaaniwa. Una kiu, kama mimi. Nimemwomba mama yako awasomee watu wa kanisa barua hii nikishaondoka, lakini nilitaka wewe ujue nikiwa hai. Njoo tukae nayo pamoja, hata kama utafika umelewa.

Wabusu watoto, na umshukuru Wavinya kwa kunde alizotuletea.

Ni mimi baba yako, mwenye kiu,
Mutiso