Sikupanda Basi la Alhamisi

Chumba cha juu,
Nyumba ya Mama Pasi.
Ijumaa, mwezi wangu wa kumi na moja ugenini.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo, na mgongo wako unaendeleaje? Baba Mdogo bado anabishana na redio? Na mdogo wangu, lile jino limetoka au ananisubiri mimi nije kuling'oa? Mwambie nasomea kutengeneza meno ya bandia, kung'oa si kazi yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio si mzima, na leo sitakuficha.

Barua hii itakukuta umeshakwenda uwanja wa ndege ukarudi peke yako. Nisamehe, Shangazi. Basi la kutuondoa wanafunzi wageni lilikuja kweli, na jina langu lilikuwa kwenye orodha. Sikupanda. Nisome mpaka mwisho, kisha unigombeze upendavyo.

Chuo kimefungwa tangu wanajeshi wachukue serikali. Mwalimu wetu walimtoa darasani akiwa na koti lake jeupe. Ukichungulia dirishani unaona taya za plasta tulizokuwa tukichonga, zimejipanga mezani na vumbi lake. Mitaani watu wanatembea wakitazama viatu vyao, hakuna anayemsalimu mwenzake. Hicho ndicho kilichoniponza.

Mama mwenye nyumba nilimbatiza Mama Pasi kwa sababu kutwa nzima yuko jikoni anawapigia watu pasi. Ana mtoto mmoja tu, mpiga chapa, na ndiye aliyewachapia waliogoma kuwapinga wanajeshi karatasi zao. Alipoanza kutafutwa akajificha chumba cha nyuma. Nyumba nzima tulikariri jibu moja: ukiulizwa aliko, sema amesafiri.

Asubuhi moja akabisha hodi mzee mmoja nadhifu, kofia mkononi. Akanisalimu taratibu, kama watu wa kwetu. Akauliza afya yangu, akauliza masomo, akauliza habari za wazee niliowaacha nyumbani. Shangazi, miezi tisa hapakuwa na mtu aliyeniuliza habari za kwetu. Nikalainika kabisa.

"Na mama wa hapa hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Na kijana wake?"

Nikamjibu kwa adabu zote ulizonilea nazo: "Hajambo, mafua tu yanamsumbua."

Hakuniuliza aliko. Angeuliza, ningesema amesafiri. Nilimwaga mtama mwenyewe huku natabasamu. Akavaa kofia, akaniaga vizuri, na kabla chai yangu haijapoa wenzake wanne wakauvunja mlango. Kijana walimtoa na soksi miguuni.

Nilimwambia Mama Pasi kwamba lazima jirani ndiye aliyetuchongea. Ndiyo, nilidanganya. Naye akaendelea kunipakulia chakula, tena mimi wa kwanza.

Kule gerezani wanapokea nguo safi kila Alhamisi na kukurudishia chafu. Hizo chafu ndizo zinazokuambia mtu wako bado yu hai. Lakini ndugu akienda langoni naye anawekwa ndani. Binamu yake alikwenda mara moja, hajarudi. Mimi nina hati ya kusafiria ya nje, na askari wananiona mgeni asiye na lolote, wananipokea. Basi mbeba nguo ni mimi, na hakuna mwingine.

Jumanne, tangazo la basi lilipotoka, nilishindwa kuvumilia. Nilishuka jikoni nikamwambia yote. Nilitaka anitukane, anifukuze, niondoke nimeadhibiwa. Hakuinua uso kwenye shati alilokuwa akinyoosha.

"Nilikusikia siku ile ile," alisema. "Nilikuwa hapa hapa. Nikasema, mtoto huyu ataniambia mwenyewe. Umechukua wiki tisa."

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke nisiungue, pasi ina moto. Kisha akasema, "Nenda kwenu. Sikuzuii." Alimaanisha, Shangazi, na ndiyo maana nilishindwa kwenda.

Jana basi liliondoka saa tatu. Saa tatu mimi nilikuwa langoni na mfuko wangu. Askari aliupokea, akaingia ndani, akakaa sana, akatoka mikono mitupu. Akaniambia nije wiki ijayo.

Njia nzima nilitafuta uongo wa kumpelekea yule mama. Nimekuwa hodari wa uongo siku hizi. Lakini nilipofika nilimwambia hivyo hivyo ilivyokuwa, kwamba leo hawakunipa nguo. Kisha akachukua shati jingine la mwanawe, akalinyunyizia maji, akaanza kunyoosha kola.

Nisalimie Baba Mdogo, mdogo wangu, na wajomba wote wakija kuulizia habari zangu. Usiwafiche kitu. Mungu akupe usingizi, na mgongo wako aupe nafuu.

Wako akupendaye, ingawa amekusimamisha bure uwanjani,

Mwanao, fundi meno.