Majina ya Mwisho wa Waraka

Nyumbani, chumba cha juu,
siku ya nne tangu tufunge mlango.

Mpendwa dada,

Salamu nyingi sana, wewe na shemeji. Hamjambo huko? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Sisi kimwili tu wazima, ila rohoni ni hofu tupu. Mama bado anachemsha rangi za vitambaa, mikono buluu hadi viwiko. Mimi sijaenda sokoni kuwaandikia watu barua zao.

Ule waraka ambao Mwalimu wetu alituandikia akiwa kifungoni ulifika, ukasomwa hapa, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Unaijua desturi yake, mwishoni husalimia watu kwa majina. Safari hii alimtaja mwoka mikate, fundi viatu, mkunga, na hata mpiga chokaa, ambaye huja ibadani kusinzia! Mama, mwenye chumba hiki tunachosalia, hakutajwa. Alicheka pamoja na wenzake, lakini siku hiyo chakula kilimshinda.

Baadaye nikapewa kazi ya kuunakili, ili ndugu wa mji wa jirani nao wausome. Chini palibaki nafasi. Dada, nikaliandika jina la mama. Nikamdanganya kwamba msomaji aliruka mstari. Alitaka nimsomee mara tatu, na tangu hapo akawa anatembea kifua mbele.

Muuza mafuta aliificha nakala ile ndani ya mtungi, akakamatwa langoni mwa mji. Sasa askari wanayo. Kila asubuhi wanapita mtaani na kuita jina moja, kwa mpangilio ule ule nilioandika. Mwoka mikate walimchukua na unga mikononi. Leo wamemchukua mpiga chokaa. Hakuna aliyerudi, na jina lililobaki ni moja.

Nimemsihi mama aondoke na huyu mwenye punda atakayekuletea barua hii. Hataki kusikia. "Mwanangu, Mwalimu amenitaja mbele za watu, nami nikimbie? Nitamtazama usoni vipi?" Basi sikuwa na njia. Nikamwambia ukweli.

Akasuuza kitambaa kile kile mara mbili. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo yeye hakunikumbuka?"

Nikainama kumshikia ncha ya kitambaa.

"Basi aliyenikumbuka ni wewe," akasema, akaendelea kusuuza. Mpaka sasa hajafunga mzigo.

Naogopa, dada. Kila kiatu kinachopita nje nakisikiliza hadi kipotee. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mnakili hajiandiki. Majina yote yale nimeyaandika mimi, langu halipo. Kesho wakiita, nitatangulia mimi kushuka ngazi. Nitawaandikia neno moja mbele yao, waone mwandiko ni wa nani, niwaambie jina la huyu mama nililiongeza mwenyewe. Niombee miguu isinigomee njiani.

Mama akija kwako, mpe kazi, hawezi kukaa bure. Msalimie shemeji, watoto, na yule shangazi yetu mwenye maneno mengi. Siwaandiki majina, unajua kwa nini. Ukishasoma, choma.

Mungu awafunike kwa mkono wake, nyinyi na mlango wenu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
ambaye jina lake bado halimo.