Upepo Machoni mwa Abdallah

Kitui, 6 Februari 1995

Dada yangu Hasina,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, natumai baridi ya Leeds haijakuzidi. Mashini ya kupumulia uliyonitumia ilifika salama. Usiku wa kwanza nililala mpaka adhana. Khamisa ndiye hakulala. Mke wangu amezoea kunisikia nikikatika pumzi usingizini, kwa hivyo kimya kilimtia hofu, akawa ananishikashika kifua. Mchana sisinzii tena kwenye cherehani. Ila nikiamka macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Labda ni vumbi la ukame huu.

Kakako,
Abdallah

Leeds, 3 Machi 1995

Kaka,

Waaleikum salaam. Afya yangu nzuri, ni zamu za usiku tu zinanimaliza. Vumbi la Kitui nalijua. Nawa macho kwa maji safi, lakini mashini usiache. Mtu anayekatika pumzi kama wewe anaweza kulala asiamke. Msalimie Khamisa.

Dadako,
Hasina

Kitui, 20 Mei 1995

Dada,

Salamu. Hujambo? Nimenyamaza kwa sababu kuandika kulinishinda. Macho ni mekundu, wateja wanadhani nimeanza kulewa. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake cha harusi kabla sijakishona, akaniambia, "Fundi, pumzika kwanza." Kliniki walinipa dawa ya kupaka, haikusaidia. Uzi hauingii kwenye sindano.

Mashini nimeisukuma chini ya kitanda, na Khamisa amerudi kukesha akinisikiliza. Nikiivaa sioni, nikiivua sipumui. Wewe uliyesoma, niambie nifanye nini.

Kakako,
Abdallah

Leeds, 9 Juni 1995

Kaka yangu,

Pole sana. Barua yako nilimsomea daktari wa hapa kazini. Akauliza, "Ile maski ya mashini, ya kuvaa puani, inamkaa sawasawa?" Nikakumbuka niliichagua bila kujua kipimo cha uso wako. Ni kubwa kwako, Kaka. Upepo unatoroka hapo juu ya pua na kukupuliza macho usiku kucha, mpaka yanakauka. Na wewe kope zako hazifungi vizuri ukilala. Marehemu mama alikuwa akisema unalala ukimtazama.

Nimetuma maski ndogo na matone. Mikanda kaza kiasi, usijiumize. Umwone daktari bingwa wa macho, usirudi kliniki. Na uivae, tafadhali. Sitaki kupigiwa simu ya msiba hapa kazini.

Dadako,
Hasina

Kitui, 30 Agosti 1995

Dada Hasina,

Assalaam aleikum. Tunaendelea, alhamdulillahi. Daktari wa macho alikuta jicho la kushoto limeshapata kidonda. Kimepona, lakini kovu limebaki, naona kama niko ndani ya neti ya mbu. La kulia ni zima. Maski mpya inanikaa, matone natia asubuhi na jioni, na usiku napumua.

Siku hizi nashona sare za shule tu. Nguo za harusi nimemwachia Yakub, fundi wa duka la pili. Usijilaumu. Sina hasira na mtu, nimechoka tu.

Jana mchana Khamisa alisimama mlangoni penye mwanga, akaniuliza, "Sasa unaniona?"

Nikamwambia, "Nakuona. Umechoka."

Akacheka kidogo. Kisha akatandika mkeka, akalala hapo hapo, nami nikafunga mlango ili kelele za sokoni zisimwamshe.

Kakako,
Abdallah