Sinia la Bwana Mipango

Mama,

Bwana Mipango alikuja jana. Yule yule afisa aliyetuletea mashine ya kukoboa mpunga, na siku ya kuizindua akataka kila mwanamke atoe kinu chake kiwe kuni za pilau, kwa sababu kutwanga ni ushamba. Ulikuwa wa kwanza kutoa chako ili wenzako wasiogope. Kilikuwa cha bibi. Bado namwona afisa huyo akikupigia makofi.

Halafu likaja soko huria, dizeli ikapanda, mashine ikanyamaza. Kila ulipomuuliza alijibu, "Mafuta yako njiani." Ukawa unabeba mpunga kichwani mpaka Ikwiriri kukoboa. Siku ile nilikuambia una homa, usiende. Ukasema, tutakula nini. Wakakurudisha juu ya mkokoteni, Mama, na ule mpunga... siwezi kuandika habari za ule mpunga.

Tangu tukuzike, watu wamechonga vinu vipya. Kuku wanatagia ndani ya mashine. Yeye amenenepa. Safari hii kaja na mpango wa chakula wa miaka ishirini, na pampu za kumwagilia bondeni. Fundi baiskeli akamuuliza hizo pampu zitakunywa nini. Akajibu hilo litaangaliwa baadaye.

Zamu ya kupikia wageni ilikuwa yangu. Wali nikawapa watoto. Sinia lake nikalijaza mpunga na maganda yake, nikafunika kwa kawa jipya, nikamnawisha mikono kwa adabu zote. Akapiga bismillahi, akafunua. Nikamwambia, "Mafuta yako njiani, mheshimiwa." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akainamisha uso. Bwana Mipango akaondoka na njaa yake.

Baba amekasirika. Anasema mgeni hanyimwi chakula, ni dhambi. Huenda. Lakini nilifurahi, Mama, kuliko siku ya Idi, na leo nimeamka naona haitoshi. Yeye njaa ya mchana mmoja, wewe udongo?

Buriani, mama yangu. Mungu akuangazie kaburi. Mwezi ujao anarudi na wafadhili kutia saini mpango wake. Wanawake wanataka jikoni akae mtu mwenye moyo laini. Nimekataa. Nakuahidi hatakula wala hatatia saini kabla hajawaambia wafadhili wake, kwa mdomo wake mwenyewe, ulianguka ukiwa umebeba nini.

Mwanao,
Zuhura