Shela na Kamera ya Kuazima

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba, mama. Huku Msambweni sote tu wazima, na bibi yako sasa anatembea bila mkongojo.

Unaniuliza ununue kamera gani ya filamu inayojiwekea fokasi yenyewe, uiache ile yangu ya kuzungusha lenzi kwa mkono. Mimi sina imani na kitu kinachoniamulia la kutazama.

Siku ya harusi ya mama yako niliazima moja kama hiyo uitakayo kwa mwenzangu aliyekuwa akipiga picha za wageni hotelini Galu. Mama yako alitolewa ndani amefunikwa shela usoni. Nikabonyeza kitufe nusu ili ijiwekee fokasi, kamera ikalia ti, eti tayari. Nilipochungulia vizuri, nyuzi za shela zilionekana moja moja, lakini uso ulikuwa ukungu mtupu. Nikaizima fokasi yake, nikazungusha lenzi polepole mpaka nikayapata macho. Alikuwa akilia na kucheka pamoja.

Basi nunua uitakayo, ila kwanza muulize muuzaji swichi ya kuizima iko wapi, na kama lenzi zangu zitaingia. Akibabaika, ondoka.

Kamera ile iliridhika na shela. Mimi nilikuwa namtafuta mwanangu.

Babu yako,
Hamisi