Mchicha wa Mradi

Jumatano, Katesh

Mchicha wote umekauka, na bado walinipokea kwa makofi.

Shule ya leo iko njia ya Dirma. Nilitumwa kuangalia kama mradi wetu wa kuwafundisha wanafunzi uwajibikaji unafanya kazi. Kila darasa lina bustani, na kila bustani ina kiongozi wake. Wa darasa la sita alikuwa Paskalina. Nikamuuliza kwa nini hamwagilii.

"Mbuzi waliingia wakala, mwalimu. Nikawajibika."

"Ukawajibika vipi?"

"Nilijiuzulu."

Mwalimu mkuu alitabasamu kwa fahari. Eti si ndivyo tunavyosikia redioni, kiongozi akiharibu anatakiwa awajibike? Mtoto alijiuzulu mstarini, shule nzima ikamshangilia. Waliomfuata nao wakawajibika, mmoja baada ya mwingine. Sasa bustani haina mtu.

Nilikasirika, lakini nilijizuia. Nikamuuliza Paskalina, ndama wa baba yako akipotea malishoni, utajiuzulu?

Alinitazama kana kwamba sina akili. "Si unamtafuta mpaka umpate?"

"Basi na mchicha?"

"Mchicha ni wa mradi, mwalimu."

Alijibu kwa adabu kabisa, wala hakuwa na nia ya kunikomoa.

Kesho bosi atataka kujua kama mradi umefaulu. Nikisema kweli unaweza kufungwa, na mimi sina kazi nyingine. Tangu nirudi natafuta namna ya kulipamba jibu la yule mtoto.

Halipambiki.