Noëlla mu kichwa ya Michée

Siku ya pili, 2/6/2026

Baridi mubaya. Upepo ya ziwa inaingia mpaka ndani ya malanketi.

Leo ku soko ya Kashikishi nilitafuta mu kichwa sauti ya mutoto yangu, sikuipata. Niko napima bisense, samaki kidogo-kidogo ya kukausha, mama mumoja wa pembeni akaitwa na mwana yake. Nikajiuliza: Noëlla alikuwa ananiita ginsi gani? Nikasimama na kikombe mu mukono. Hakuna kitu! Niko tu na picha ya masomo, ile yenye jino ya mbele inakosa. Picha haisemi. Alikufa mu mwezi ya ine tu. Mama gani anasahabu mbio hivi? Aki ya Mungu, nilisikia haya.

Mangaribi nikamwambia bwana yangu sawa vile namwambiaka kila siku: Baba Noëlla, unipe siku moja yake.

Michée akafunga macho. Akanipa siku ya mvula, wakati mutoto alivwala masapato yangu ku miguu na akakatala kuyavula. Neno kwa neno. Ata kicheko. Nikacheka, nikalia, kisha nikalala muzuri.

Yeye hakulala.

Siku ya ine, 4/6

Naandika ginsi ilianza, juu hasira inanikula.

Mwaka yenye ilipita Michée alikuwa anatafsiria bachuuzi ya Congo ku bandari — kiswahili, kifransa, kibemba. Alitaka kusoma buganga ya hospitali. Kingereza ya mu bitabu ikamushinda. Njo pale doktere Mwiche alifika na projet yake, anatafuta batu ya kujaribu. Ni bunga ya kuvuta mu mapua. Siye njo tunaiita bunga. Bao banasema ni bivyuma kidogo-kidogo, macho haiwezi kubiona, binaingia mu bongo na binasaidia mutu ashike kila kitu. Hakuna mutu alilazimishwa. Balieleza yote, balijibu maulizo yote.

Nani aliuliza kama mutu ataweza tena kusahabu? Hakuna. Ata mimi! Nilijivuna mu soko yote: bwana yangu anasoma kitabu mara moja, kwisha. Alipita mitihani yote. Felistus, mubemba yenye anauzisha karibu yangu, alinitania: bana Noëlla, njo kusema mama Noëlla, chunga sana, huyu atakumbuka kila ugomvi yenu! Tulicheka mpaka machozi.

Siku ya yenga, 7/6

Michée amekonda. Anafinya bukari mu vidole, anairudisha mu sahani. Masomo ameacha.

Leo nilimuuliza: ukinipa siku ya mutoto, kisha unafanya nini? Akasema hawezi kusimamisha. Akisha kunipa yangu, zingine zinafuata zenyewe, moja kisha moja, mpaka Puta. — Kila mangaribi? — Kila mangaribi.

Puta njo kule alikufia. Michée alimupeleka kusalimia tantine, shangazi yake. Homa ikapanda, mvula ikakata njia. Mimi nilibaki huku na samaki.

Njo kusema kila siku yenye naomba, namurudisha pale! Sikujua. Sasa najua. Na jua ilipoingia nikaomba tena. Nikasema: kidogo tu, Baba Noëlla, kidogo tu. Akanipa.

Mimi mutu gani?

Siku ya tatu, 10/6

Doktere Mwiche alikuya ku nyumba. Tulimupa kiti, akakatala chai. Uso yake haikuwa muzuri. Alisema iko bunga ingine, ya kuzima ile ya kwanza. Michée atalala, atakula. Lakini yote yenye bunga ilishika itaenda nayo. Kuanzia mwezi ya munane mpaka leo.

Nikamuuliza: na Noëlla wa mwaka yote hii?

Yote, mama.

Mutoto alijua kusoma mu ile mwaka! Jino ilitoka mu ile mwaka! Michée atajua alikuwa na mutoto, atamukumbuka mudogo. Kifo yake ataisikia kwa batu, sawa habari ya jirani. Doktere anasema hatafanya kitu kama mimi pia sikubali, juu inanigusa. Nikamuuliza: weye ungefanya nini? Akaangalia mikono yake. Akasema hajui, na wakati alianza hii kazi alikuwa anajua.

Nilitaka kumutukana. Nikamusindikiza mpaka ku njia.

Michée anasema: Mama Noëlla, kubali, nachoka. Nilienda kuosha masahani yenye ilikuwa safi.

Siku ya posho, 13/6

Leo ilikuwa kutosha kilio, siku ya kumaliza matanga.

Yaya Sébastien, mukubwa wa Michée, alivuka toka Kilwa na jamaa. Bukari ilipikwa, samaki ya mafuta, batu bakajaa lupango, kiwanja yote ya nyumba. Kwetu, mbele ya kunyoa nywele ya bafiwa, mukubwa anaomba mara ya mwisho historike ya malali, ginsi ugonjwa ilikwenda. Ni kitu kifupi! Unasema: homa ilimushika, tulihangaika, Mungu akamutwaa. Batu banaitika, wembe inapita, nguo nyeusi inatoka, tunakula. Kisha hakuna mutu ataulizaka tena. Njo vile kilio inaishaka.

Na tukamuomba Michée. Siye bote, bakubwa na akili zetu! Hakuna mutu alifikiri.

Akasimama. Akaanza na asubui. Chai yenye Noëlla aliacha. Rangi ya ndoo. Mukono yake ilikuwa moto kiasi gani, kisha moto kiasi gani. Batu balilia, kisha bakaanza kuangalia chini. Bukari ikapoa. Yaya Sébastien akasema: ndugu yangu, inatosha. Akamushika bega. Michée hakumusikia. Macho yake haikuwa hapa. Alikuwa kule.

Na akasema: Noëlla akauliza, mama anakuya? Nikamwambia eko mu njia. Akauliza tena. Kisha akaanza kuita. Mama. Mama. Aliita mpaka sauti ikaisha.

Michée aliniambiaka mutoto alilala tu. Alilala kimya, hakuomba kitu. Njo vile alinipa siku balimuleta, na njo vile nilishika, na ilinisaidia kusimama.

Wembe haikupita. Bamama bakaanguka chini, kilio ikaanza upya sawa vile maiti ingali mu nyumba. Mimi sikulia.

Siku ya yenga, 14/6

Sikuenda ku misa.

Siku ya kwanza, 15/6

Yaya Sébastien amerudi ngambo, na nywele zetu zingali ku kichwa. Mbele ya kupanda pirogi aliniita pembeni. Shemeki, anasema, toshea ndugu yangu ile bunga mu kichwa. Marehemu anatakiwa kupumzika, na mwenye kubaki pia. Huyu mutu eko anazika mutoto kila siku.

Nikamwambia: ni rahisi kwako, weye uko na batoto benu bote.

Niliisema hivyo! Kwa shemeki mukubwa! Hakukasirika. Alifuta uso na kofia.

Felistus anasema awe, hapana, musiguse. Kifo ya mutoto si kitu ya kuzima sawa taa. Baba akisahabu, mutoto atabaki na nani? Nikamwambia na mimi. Felistus akageukia biashara yake, juu niliishamuambia sauti ya mutoto ilinipotea.

Nina hasira na Michée juu alinidanganya. Nina hasira juu hakuendelea kunidanganya. Usiku na muchana naambia ile mutoto: sikujua, mama, sikujua, nilikuwa ku soko.

Siku ya ine, 18/6

Tuko ku chumba ya doktere, karibu na boma. Naandika hapa.

Alimuuliza Michée. Ndiyo. Akaniuliza mimi. Nikasema ndiyo — niliisikia ikitoka. Michée akanishika mukono na akapumua, na nikaona vile alikuwa anangojea hii neno tangu zamani. Doktere akafungua chupa.

Nikasema: ngojea. Baba Noëlla, aliniita ginsi gani? Kule Puta.

Akaniangalia. Unajua itanifanya nini, anasema.

Najua.

Doktere akasema mama, tafazali. Michée akafunga macho. Sauti ilitoka mu kinywa yake, ya juu, nyembamba, mwisho yake inavutwa kidogo. Njo ile! Njo yeye mwenyewe! Nikaitika: niko hapa, mama.

Akaita tena. Nikaitika tena. Doktere akaweka chupa ku meza, akatoka.

Nilitosha kalamu juu nishike ile sauti mu karatasi. Haiandikiki. Nimeandika mama, mama, mama, na si ile. Michée anatetemeka, jasho inamutoka, mukono yake inafinya yangu mpaka inauma. Haachi kuita.

Doktere anagonga. Anauliza ku mulango kama tuko tayari.

Michée anaita. Naitika mutoto kwanza.